Mahojiano ya kazi ya RH: namna ya kuandaa majibu yanayosimama

Tangazo la kazi ya RH likitoka Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, dosie hujaa mezani kwa siku chache. Waliosoma sheria, saikolojia ya kazi, uchumi na uongozi wote hutuma sivi zao, kwa sababu kazi hiyo haidai diploma ya aina moja. Wachache huitwa kwa mahojiano, na kati yao wapo wanaofika wakiwa wamekariri sentensi nzuri za Kifaransa: mimi ni mtu wa nguvu, napenda watu, najua kufanya kazi na wenzangu.

Kisha swali moja linawapata pabaya. Dereva ametumika miaka minne, kampuni inataka kumsimamisha bila kosa zito: preavi yake ni siku ngapi? Au hili: shefu wa uwanja amekuita saa kumi jioni na anataka barua ya kufukuza mjumbe wa sindika isainiwe kabla ya usiku. Utafanya nini?

Hapo sentensi za kukariri hazisaidii. Mtu wa RH ndiye anayeshika kontra, mshahara, likizo, adhabu na hesabu ya mwisho ya kila mfanyakazi. Wanaomhoji wanatafuta jambo moja: kama wanaweza kumwachia dosie za watu na kulala usingizi. Jibu lenye nguvu linawapa sababu ya kuamini hivyo, na sababu hiyo hutoka sehemu mbili: sheria anayoijua, na mambo aliyoyatenda yeye mwenyewe.

Kazi yenye kumbukumbu ndefu

Katika Katanga ya zamani, hesabu ya mwisho ya mfanyakazi, ile inayoitwa dekonti, si karatasi ya biro tu. Kuanzia mwaka 2003, Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10.000 katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kwa miaka mingi baadaye, wengi wa wazee hao waliendelea kulalamika kwamba walicholipwa hakikulingana na miaka waliyotumika. Familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zina baba, mjomba au jirani aliyepitia hayo.

Leo kampuni kubwa za shaba na kobalti zinafanya kazi pamoja na kampuni nyingi ndogo za ukandarasi: usafiri, chakula, ulinzi, usafi, ujenzi. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 ilitenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani. Katika nyingi ya kampuni hizo biro ya RH ni mtu mmoja au wawili. Anayeajiriwa hapo haingii kujifunza polepole nyuma ya shefu. Wiki ya kwanza anaweza kupewa kontra za watu mia moja.

"Jieleze": swali linaloonekana rahisi

Karibu kila mahojiano huanza hivyo. Kosa la kawaida ni kusimulia maisha yote tangu shule ya msingi, au kusoma upya sivi ambayo jopo tayari linayo mkononi. Dakika mbili zinatosha, na zigawanywe katika mambo matatu: unafanya nini sasa au umemaliza nini, jambo gani umelifanya linalokaribiana na kazi hii, na kwa nini umeomba nafasi hii katika kampuni hii.

Linganisha majibu mawili. La kwanza: "Nina diploma ya uongozi wa rasilimali watu, ninapenda kazi yangu na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo." La pili: "Nilifanya staji ya miezi mitatu katika kampuni ya usafiri. Nilikuta dosie za madereva 60 bila mpangilio. Nilizipanga upya, nikaandika orodha ya kontra zilizokaribia kuisha, nikamkabidhi shefu wangu. Naomba kazi hii kwa sababu nanyi mna madereva wengi na najua dosie zao huchelewa wapi."

Jibu la pili halina neno kubwa hata moja. Lakini lina namba, kazi iliyofanyika na mtu aliyeipokea. Anayehoji anaweza kuuliza zaidi juu yake, na mwombaji atajibu bila kutafuta maneno, kwa sababu alikuwepo.

Sheria lazima iwe kichwani

Msingi ni Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Hakuna anayedai mwombaji akariri vifungu vyote, lakini kuna namba ambazo mtu wa RH hawezi kuzitafuta kwenye simu mbele ya jopo.

Wiki ya kazi ni saa 45, siku ni saa 9. Muda wa majaribio hauzidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine. Kontra ya muda maalumu, CDD, haizidi miaka 2. Haizidi mwaka 1 kama mfanyakazi ana ndoa na ametengwa na familia yake. Likizo ya uzazi ni wiki 14. Likizo ya mwaka kwa mtu mzima huhesabiwa kwa uchache siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili wa utumishi.

Tuchukue swali la dereva wa miaka minne. Sheria inaweka kiwango cha chini cha preavi inayotolewa na mwajiri: siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi usiokatika. Kwa hiyo 14 na 28, jumla siku 42 za kazi. Kama dereva mwenyewe ndiye anayeacha kazi, muda wake ni nusu, siku 21. Mwombaji makini ataongeza sentensi moja: kabla ya kuandika barua nitasoma mkataba wa pamoja wa kampuni, kwa sababu unaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya hapo. Sentensi hiyo inaonyesha kwamba anajua sheria ni sakafu, si dari.

Eneo la pili linalopenda kuulizwa ni la wafanyakazi wa siku, jurnalie. Mtu akiwa amefanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria humhesabu kuwa ana kontra isiyo na muda maalumu. Kampuni isiyohesabu siku hizo inaweza kujikuta mbele ya mkaguzi wa kazi na watu kumi inaowaita jurnalie, wakati sheria inawaita wafanyakazi wa kudumu. Jibu zuri halikomei kwenye namba 22. Linaeleza mwombaji ataihesabu vipi: daftari moja la mahudhurio, jina na tarehe, na taarifa kwa shefu wa uwanja kila wiki kabla ya kuita watu tena.

Upande wa malipo, mwombaji ajue kwamba mchango wa CNSS ni asilimia 18 ya mshahara: 5 anakatwa mfanyakazi, 13 analipa mwajiri. Ajue pia kwamba kuna kodi ya mshahara na mchango wa INPP unaotegemea ukubwa wa kampuni. Na ajue tarehe ya anachokijua. Aliyejifunza shuleni kwamba kima cha chini cha mshahara ni franka 7.075 kwa siku alikuwa sahihi kwa kiwango cha mwaka 2018. Mwaka 2025 kiwango kilipandishwa hadi 14.500. Kabla ya mahojiano, kila kiwango kihakikishwe upya, kwa sababu anayetoa namba iliyopitwa na wakati kwa sauti ya uhakika anatisha kuliko anayesema ataangalia.

Shefu akitaka mtu aondoke leo

Swali gumu zaidi kwa kawaida halina namba. Linahusu shinikizo. Fundi ametuhumiwa kuiba nyaya, mkurugenzi ana hasira, anataka jina lake liondolewe kwenye orodha leo. Mwombaji mwoga hujibu kwamba atatii kwa sababu mkurugenzi ni mkubwa. Mwombaji mwenye joto hujibu kwamba atakataa kwa sababu haki za mfanyakazi ni takatifu. Majibu yote mawili hayampi mkurugenzi kitu cha kushika.

Jibu linalosimama linaonyesha njia. Kwanza, kuuliza ukweli: nani aliona, lini, kuna maandishi gani. Pili, kumpa mfanyakazi barua ya kuomba maelezo na kupokea jibu lake kwa maandishi. Tatu, kama uchunguzi unahitaji muda, sheria inaruhusu kumsimamisha kwa muda mfupi, na uamuzi wa kusimamisha hutolewa ndani ya siku 2 za kazi baada ya kujua jambo hilo. Nne, kama kosa zito limethibitika, barua ya kuvunja kontra itoke ndani ya siku 15 za kazi baada ya kampuni kujua, na itaje sababu.

Kisha mwombaji amweleze mkurugenzi faida yake: kumfukuza mtu usiku mmoja bila karatasi ni kumpa ushindi mahakamani, hata kama aliiba kweli. Namna hiyo ya kusema inaheshimu cheo cha mkurugenzi na inalinda mfanyakazi kwa wakati mmoja. Kama anayetuhumiwa ni mjumbe wa sindika, mwombaji ataje mara moja kwamba sheria inamlinda kwa namna ya pekee na kwamba mkaguzi wa kazi lazima ahusishwe. Anayesahau hilo katika eneo la migodi amesahau jambo kubwa.

Ambaye hajawahi kufanya kazi ajibu nini?

"Tupe mfano wa ugomvi uliousuluhisha." Kwa kijana aliyetoka UNILU au ISC mwaka jana, swali hili linaonekana kama mlango uliofungwa. Si kweli. Jopo linajua sivi yake ni fupi, ndiyo maana linauliza juu ya tabia.

Aliyekuwa mkuu wa darasa chuoni aliwahi kupanga zamu, kugawa syllabus, kusimama kati ya wanafunzi na profesa juu ya tarehe ya mtihani. Aliyeshika fedha za likelemba anajua maana ya kutunza daftari la watu wasioaminiana. Aliyekuwa katibu wa kwaya au wa kamati ya vijana parokiani ameandika ripoti na kusuluhisha watu waliokuwa hawasalimiani. Hiyo yote ni kazi ya watu.

Kinachohitajika ni kuisimulia kwa mpangilio: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini hasa, matokeo yakawa nini. Mfano: "Katika likelemba yetu ya watu 12, mama mmoja alidai amelipa na wengine wakakataa. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Nilisoma daftari mbele ya wote, tukaona malipo ya mwezi huo hayakusainiwa. Tulikubaliana kugawana hasara, na kuanzia siku hiyo kila malipo yakawa na saini mbili." Hapa neno muhimu ni "nilisoma". Wengi husema "tulifanya, tulipanga, tuliamua", na jopo linabaki halijui kama aliyekaa mbele yao alifanya chochote.

Ni vizuri kuandaa simulizi tano au sita za namna hiyo, ziwe za kweli, na kuzifanyia mazoezi kwa sauti. Simulizi moja inaweza kujibu maswali mengi: ugomvi, siri, kufanya kazi kwa haraka, kukosea na kurekebisha. Ya uongo huanguka kwenye swali la pili.

Siri, ndugu na mkono

Swali jingine halikosekani hapa kwetu, hata likivaa nguo tofauti: "Binamu yako ameomba kazi kwetu. Utamsaidiaje?" Kila aliye chumbani anajua kwamba ukipata kazi, simu za ukoo zitaanza kulia. Kujibu kwamba wewe huna ndugu ni kuchekesha. Jibu la kweli ni kusema utamwonyesha tangazo na namna ya kutayarisha dosie, utamjulisha shefu wako kwa maandishi kwamba mwombaji ni ndugu yako, na hutakaa kwenye jopo lake. Ndugu hajakataliwa, na mwenzake asiye na mtu ndani hajaibiwa nafasi.

Hivyo hivyo kwa siri. Mtu wa RH anajua mshahara wa kila mmoja, magonjwa, madeni, mashauri ya ndoa. Baadhi ya wahoji hupima hilo papo hapo kwa kumuuliza mwombaji habari za mwajiri wake wa zamani. Anayemwaga yote, hata yanayofurahisha kusikia, ameshaonyesha atakavyofanya na siri za hapa.

Maswali yasiyopaswa kuulizwa

Wanawake bado huulizwa kama wana mimba, kama wanapanga kuzaa, au kama mume amekubali wafanye kazi. Sheria ya Kazi iko wazi: uzazi hauwezi kuwa sababu ya ubaguzi kazini, na ni marufuku kumdai mwanamke anayeomba kazi afanye kipimo cha mimba au alete cheti chake, isipokuwa kwa kazi zilizokatazwa kwa wajawazito. Marekebisho ya 2016 yaliondoa nafasi aliyokuwa nayo mume ya kupinga mkewe kusaini kontra.

Mwombaji wa RH anapoulizwa hivyo ana njia ya kujibu bila kugombana: "Kama mnataka kujua kuhusu upatikanaji wangu, ninaweza kuanza tarehe fulani na nimekubali zamu zilizoandikwa kwenye tangazo. Kuhusu mimba, sheria inatukataza kudai kipimo au cheti, na mkiniajiri nitasaidia swali hilo liondoke kwenye fomu zetu." Si kila mtu atathubutu kusema sehemu ya pili. Lakini kwa kazi hii hasa, jibu hilo ni ushahidi wa kuijua kazi.

Lugha mbili, siku moja

Mahojiano mengi hufanyika kwa Kifaransa, na katika kampuni za kigeni Kiingereza huweza kuingia. Hata hivyo karatasi ya mshahara husomwa uwanjani kwa Kiswahili. Mwombaji afanye mazoezi ya kumweleza mlinzi au mpishi, kwa Kiswahili cha kawaida, tofauti kati ya mshahara ghafi na anaopokea mkononi, na kwa nini amekatwa CNSS. Akiweza kueleza hivyo bila kujificha nyuma ya maneno ya biro, ajitolee mwenyewe kuonyesha mbele ya jopo.

Swali la mshahara nalo liandaliwe. Ni bora kujua kabla viwango vya kazi kama hiyo, kutaja kiasi chenye nafasi ya kujadiliana, na kusema wazi kama ni ghafi au cha mkononi, kwa franka au dola. Anayeomba kusimamia mishahara ya wengine hawezi kuchanganya hivyo viwili kwa wake mwenyewe.

Mwishoni jopo huuliza kama mwombaji ana swali. Awe nalo: kampuni ina wafanyakazi wangapi wa kudumu na wangapi wa siku? Uchaguzi wa wajumbe wa sindika ulifanyika lini? Aliyekuwa kwenye nafasi hii ameenda wapi? Majibu yatamweleza pia kama mahali hapo panamfaa. Na kama mtu yeyote, kabla au baada ya mahojiano, atamdai pesa ili jina lake lipite, ajue amepewa jibu mapema juu ya atakachoamriwa kufanya akiwa ndani.

Siku tatu kabla, basi, kazi ni hii: kusoma tena vifungu vya kontra, preavi, kosa zito na likizo, kuhakikisha viwango vya mwaka huu, kuandika simulizi tano kwenye karatasi moja, kumwomba rafiki aulize maswali huku ukijibu kwa sauti. Na kupiga hesabu ya dekonti moja kamili kwa mkono, kuanzia siku za mwisho za kazi hadi likizo isiyochukuliwa, hadi ilingane mara mbili mfululizo.